Kalenda ya Mahekalu na Jiko la Mke Wangu

Mke wangu husema kwamba nikivuka mlango wa kiwanja chetu hapa Murara, mjini Goma, mbwa wa majirani wananibwekea kwa sababu hawanijui. Anatia chumvi. Mbwa wa upande wa kushoto ananijua vizuri sana. Lakini ni kweli kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Natengeneza redio na pasi kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Watu wananiletea vyombo vyao vilivyokufa, nami nawarudishia vikiwa hai, au angalau vikiwa na matumaini. Tangu nilipopata diploma yangu ya sekondari sijaona sababu kubwa ya kwenda mbali. Vitshumbi sijafika, ingawa samaki wa huko wamefika kwangu mara nyingi, na hakuna hata mmoja aliyenilaumu.

Ndiyo maana watu walicheka waliposikia kwamba mimi, mutu wa kiti na dirisha, nimejenga kitu kwa ujuzi wa India. Afadhali nieleze mwenyewe ilivyokuwa, kabla baba mkwe wangu hajalisimulia jambo hili kwa namna yake, ambamo mawazo mazuri yote yalikuwa ya kwake na mawe yote yaliyoanguka yalikuwa ya kwangu.

Lilianza na kalenda. Mke wangu anapika mandazi na kuyauza asubuhi mlangoni petu. Unga anaununua mjini, kwa mfanyabiashara mmoja Muhindi ambaye mwisho wa mwaka huwapa wateja wake wa siku nyingi kalenda. Kwa kawaida huwa na maua, au watoto wachanga wenye mashavu. Mwaka ule ilikuja na mahekalu ya kale ya nchi ya wazee wake, moja kwa kila mwezi. Mke wangu akaitundika juu ya meza yangu ili niache kusahau tarehe za kurudisha redio za watu. Tarehe sikuziona kamwe. Nilikuwa naangalia mawe.

Mwezi wa tatu ndio ulionimaliza. Chini ya picha kulikuwa na maelezo mafupi ya Kiingereza, nikayapitisha kwenye simu yangu, na simu ikanieleza jambo ambalo nilidhani imekosea kutafsiri. Hekalu lile halikujengwa, lilichongwa. Mafundi walipanda juu ya mwamba, wakaanza na kilele, wakashuka polepole wakiondoa jiwe wasilolitaka, nguzo zikitokea, ngazi zikitokea, tembo wa mawe wakitokea, mpaka wakafika chini kwenye msingi. Nyumba iliyoanza na paa! Tena jiwe lenyewe ni jiwe la volkano, lava ya zamani sana iliyopoa, ndugu kabisa wa hili tunalokanyaga hapa Goma na kulitukana linapotukata vidole vya miguu.

Nilikaa siku nzima na wazo hilo. Sisi volkano inatumwagia mawe nasi tunasema ni balaa. Wale walipewa jiwe hilohilo wakatoa tembo.

Kuanzia hapo pasi za watu zilichelewa. Nilisoma kwenye simu kuhusu minara ya mahekalu hayo, jinsi mingine ilivyopandishwa bila tone la simenti, jiwe kavu juu ya jiwe kavu, na iko imesimama zaidi ya miaka elfu, matetemeko ya ardhi yakija na kuondoka. Nilisoma kwamba katikati ya hekalu, chini ya mnara mzito kuliko yote, kuna chumba kidogo cha giza wanachokiita tumbo la uzazi. Na kwamba ramani ya zamani ya hekalu huanza na mraba, na ndani ya mraba huchorwa mtu aliyelala.

"Anafanya nini, huyo mutu?" mke wangu aliuliza.

"Amelala. Nyumba yote inapimwa juu ya mwili wake."

"Aa, basi fundi tuko naye hapa," akasema, na kunipita na karai la unga.

Sasa niseme kuhusu jiko. Hewa ya Nyiragongo, volkano yetu, inakula mabati. Unaweka bati jipya linang'aa, unajivuna, mvua inakuja imechanganyika na moshi wa mlima, na baada ya miaka michache una kichujio cha chai juu ya kichwa chako. Bati la jiko letu lilifika hapo. Asubuhi za mvua mke wangu alikuwa akikinga mafuta ya mandazi kwa mfuniko mkono mmoja, na kugeuza kwa mkono wa pili, maji yakimwingia shingoni, na moto ukizimika mara mbili, tatu. Siku moja ya mwezi wa tano alitoka humo macho mekundu, akasimama mbele ya meza yangu.

"Baba ya batoto, sikia. Mvua ya mwezi wa tisa ikinikuta ningali chini ya ile kichujio, mimi nahamisha jiko yangu Munigi kwa dada yangu. Ana nafasi. Na weye utakuwa unaniletea maji na makala ya kuwasha moto kila asubuhi."

Munigi! Kila asubuhi! Kupanda mlima! Magoti yangu yaliomba msamaha hapohapo, kwa niaba yangu. Nilicheka, lakini nilipoacha nilielewa kwamba hakuwa ananitania. Wateja wake wako mlangoni petu, wamezoea kusimama pale na kusimuliana habari. Angewaacha wote. Na mimi ningebaki asubuhi katika nyumba isiyo na moshi wala harufu ya mafuta, mtu wa nyumbani asiye na nyumba. Nilimwambia, "Kabla ya mwezi wa tisa utakuwa na paa ambayo haitaoza hata wajukuu wako wakizeeka."

"Ya bati gani hiyo?"

"Ya mawe."

Baba mkwe wangu alikuwa ameketi karibu, akasikia. Muzee huyu anaishi nasi tangu mama mkwe alipofariki. Kwao ni Butembo, na katika nguvu zake alikuwa fundi wa kujenga. Kuta nyingi za mtaa huu zimepita mikononi mwake. Alinigeukia kwa upole, kama mganga anayegeukia mgonjwa.

"Paa ya mawe na nini, mukwe?"

"Mawe na mawe."

"Simenti iko wapi?"

"Haiko."

"Na chuma ndani?"

"Haiko, muzee."

"Basi usiite ile paa. Ile ni kaburi yenye bado haijaanguka."

Nikamweleza. Kila safu ya mawe inatokeza kidogo ndani kupita safu iliyo chini yake, kama watu wanaoinamiana kusikia siri, safu juu ya safu, mpaka vichwa vinakaribia kugusana, kisha juu yake linawekwa jiwe moja zito la kufunga. Nikamwonyesha mwezi wa saba kwenye kalenda. Aliangalia muda mrefu. Muzee hakosi misa hata akiwa na homa, nikaona kitu kingine kinamsumbua.

"Sasa binti yangu atapikia ndani ya nyumba ya miungu ya batu?"

"Ibada yao nawaachia wenyewe, na heshima yao. Mimi naazima akili ya mafundi tu."

Akafikiri. "Fundi ni fundi," alisema mwishowe. "Lakini wale walikuwa mafundi. Weye ni mutu wa redio."

Nilianza mwezi wa saba, kiangazi kikiwa kikavu kama biskuti. Niliondoa bati, nikaongeza unene wa kuta, na nikaanza kuzipandisha safu za paa peke yangu, huku muzee akiwa amehamishia kiti chake mahali pa kuonea vizuri. Mawe hatununui, kiwanja chetu kinazaa mawe kuliko maharage. Nilichagua kwa uangalifu. Nilitafuta mawe mepesi, yale ya juu ya lava yenye matundu kama mkate, nikiwaza kwamba paa jepesi ni paa salama. Na nilitafuta mawe yenye uso mzuri.

Hapa lazima nikiri dhambi ambayo si yangu peke yangu, ni ya mji mzima. Goma tukijenga ukuta tunachagua jiwe kwa uso wake. Uso mpana, uliochongwa vizuri, unaelekea barabarani ili wapita njia waone. Mkia wa jiwe, ule unaoingia ndani ya ukuta, uwe mfupi, uwe umevunjika, nani anaujali? Simenti itafunika. Nami nilijenga hivyohivyo, nyuso nzuri zikiangalia ndani ya jiko, mikia ya kidole kimoja ikiwa imeshikilia ukuta kwa imani. Lilikuwa jambo zuri sana kulitazama. Nilimwita mke wangu alitazame. Alikuwa bado yuko njiani kuja, anapangusa mikono, safu ya tano ilipoinama, ikanisalimia, na kushuka yote upande mmoja.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Sufuria kubwa ya mandazi iliyokuwa ndani ilitoka ikiwa sahani. Vumbi lilipotulia niliangalia upande wa muzee, nikitegemea acheke. Hakucheka. Alifanya vibaya zaidi: alivua kofia yake, akaishika kifuani.

"Pole na musiba," alisema.

Kabla jua halijafika utosini watu wote wa barabara yetu walikuwa wamesikia. Mteja mmoja alikuja kuchukua pasi yake, akasimama mlangoni asiingie. "Hii nyumba nayo ilijengwa na nani?" aliuliza. Mke wangu alichukua vyombo vyake vilivyobaki akaanza kuvipanga kwenye karai kimoja kimoja, vijiko, chujio, kibao cha kusukumia. Nilijua karai lile lilikuwa linaangalia upande gani. Lilikuwa linaangalia Munigi.

Asubuhi iliyofuata nilifanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Nilivaa viatu nikatoka.

Duka la yule mfanyabiashara wa unga lilikuwa limejaa. Ni mtu wa makamo, amezaliwa hukuhuku Kivu, Kiswahili chake ni kama changu. Nilipojitambulisha alisimama.

"Weye njo bwana ya mama mandazi? Lakini mama alisema uko na ugonjwa ya miguu!"

"Ndivyo anavyosema kwa watu?"

"Anasema haitembei."

Wateja walicheka, nikaacha wacheke, nikamwambia shida yangu. Nilidhani ataniambia yeye anauza unga tu. Badala yake aliniuliza safu ngapi, mawe ya namna gani, yaliingia kiasi gani ukutani. Kisha akachukua vipande vya sabuni vya miche mirefu, akaanza kuvipanga ukingoni mwa kaunta. Cha kwanza kikatokeza hewani kidogo. Cha pili juu yake kikatokeza zaidi. Alipoweka cha tatu, vyote vikaanguka sakafuni.

"Ile ni jiko yako," alisema.

Akavipanga tena. Safari hii kila alipoweka kipande cha kutokeza, aliweka sehemu kubwa ya urefu wake nyuma, juu ya kaunta, na juu ya mkia huo akabandika pakiti ya chumvi. Kipande cha nne, cha tano, sabuni ikatokeza hewani kama ulimi wa mtoto mtundu, na haikuanguka. Watu walioshika foleni walisahau walichokuja kununua.

Alinieleza kwamba akiwa mdogo alipelekwa kwenye kijiji cha babu yake, kulikokuwa na hekalu la zamani, na alisikitika kuona chumba cha ndani ni kidogo hivyo wakati jengo lilikuwa kama mlima. Akauliza nafasi nyingine yote imeenda wapi. Babu yake alimjibu kwamba nafasi ile yote ni mawe, na kwamba kile chumba kidogo kinashikwa na kile usichokiona.

"Jiwe usiipende uso," alisema akinipa mkono wa kwaheri. "Penda mugongo yake. Na ipe muzigo."

Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia, mimi, na mbwa wote wa barabara wakanishuhudia.

Nilianza upya, na safari hii nilichagua mawe kwa mikia. Niliacha yale yenye matundu, nikachimba chini yake kutafuta jiwe zito la ndani, lile jeusi linalolia kama chuma ukiligonga. Theluthi mbili ndani ya ukuta, theluthi moja hewani, na nyuma ya kila safu mzigo wa mawe mengine mpaka kuta zikawa na mabega. Uso wa jiko kwa ndani ukawa mbaya, umepinda, una makovu. Sikujali.

Tatizo lilikuwa kulichonga lile jiwe zito. Nilipiga nyundo siku mbili nikapata chembe za kutosha kuweka kwenye bahasha. Siku ya tatu muzee aliinuka kwenye kiti chake.

"Nipe nyundo."

"Muzee, pumzika tu."

"Siwezi kupumzika. Uko unapiga jiwe sawa unamubembeleza mutoto alale. Nipe!"

Alilizungusha jiwe mara moja, akapapasa kwa kidole gumba, akatema mate mahali fulani, akagonga pale alipotema. Likafunguka kama mkate. Mimi na yeye tuliangaliana. Miaka mingi ya simenti na mkono wake ulikuwa haujasahau mahali jiwe linapotaka kukatika.

"Baba yangu alijenga zizi la mbuzi hivi," alisema. "Mawe makavu tu, bila udongo. Sisi tukaona simenti, tukaacha."

Kuanzia siku hiyo sikuwa tena mkuu wa kazi. Muzee alichonga, mimi nikabeba na kupanga, naye akanitukana kwa kila jiwe. "Mukia ndani! Ndani! Unaogopa kuipeleka mbali kama vile weye mwenyewe unavyoogopa barabara!" Safu ya tano ilipita. Safu ya sita. Mke wangu alikuja akasimama chini ya safu ya saba na mikono kiunoni, nikataka kumwondoa, naye akakataa, akaitazama ile nafasi ya anga inavyozidi kuwa ndogo juu yake. Siku ile alitoa kijiko kimoja kwenye karai.

Likabaki jiwe la kufunga. Kwenye simu nilisoma watu wanavyosimulia kwamba mafundi wa kale, ili kupandisha jiwe la kileleni, walitengeneza mteremko mrefu wa udongo wakalivuta juu yake. Nasi tulimwaga kifusi chote cha lile paa lililoanguka nyuma ya jiko mpaka kikawa njia ya kupandia. Jumapili baada ya misa wanaume wa shirika letu, jumuiya ya kusali ya mtaa, walikuja wamekunja mashati yao meupe, wengine kusaidia, wengine kuona mazishi ya pili. Tulitandika magogo ya mikaratusi. Jiwe lilikuwa pana kama meza ya familia.

"Sukumeni!" muzee alipiga kelele. "Si kusukuma hivyo, munasukuma sawa munaomba ruhusa!"

Gogo la nyuma tunalitoa, tunalipeleka mbele, jiwe linapanda hatua moja. Mtu mmoja alianzisha wimbo wa parokia na jiwe likapanda nao. Juu kabisa tulilipumzisha kwenye vijiwe vinne tulivyoviacha vimesimama makusudi ili moshi upate pa kutokea, tukaondoa magogo, na tukarudi nyuma sote kwa pamoja bila mtu kutuambia.

Lilikaa. Sauti ilisikika, nzito, mara moja tu, kama mtu anayeketi vizuri baada ya safari.

Ndipo muzee alivua viatu vyake vya misa, akaviweka sambamba pembeni, akapanda ule mteremko. "Papa!" mke wangu alipiga yowe. "Papa, shuka! Utakufa na nguo ya misa!" Hakugeuka. Alifika juu, akasimama katikati ya lile jiwe, mwembamba kama mshumaa, Murara yote ikimwona. Halafu, muzee wa umri ule, akaruka. Akaruka tena. Wanaume walishangilia kama timu yao imefunga bao, na mimi nililia kidogo, nikasema ni vumbi, na hakuna aliyeniamini.

Mvua ya kwanza haikungoja hata mwezi wa tisa uingie vizuri. Ilikuja asubuhi, mke wangu akiwa ameshapasha mafuta moto, mvua yenye mawe ya barafu, ya kupiga mabati mpaka watu ndani ya nyumba wasisikilizane. Mimi na muzee tulikuwa tumesimama kwenye mlango wa nyumba kubwa tukitazama upande wa pili wa ua. Mabati ya jirani yalipiga kelele, ya kwetu sebuleni yalidondosha tone juu ya redio ya mtu. Jiko lilikuwa limeketi pale, jeusi, linang'aa, na mabegani mwake moshi ulikuwa unatoka mwembamba, bila kukatika.

Kisha tukasikia sauti yake kutoka ndani.

"Munangoja nini huko? Niwaletee na barua ya kuwaalika?"

Tulivuka ua mbio, vichwa vimeinama. Ndani kulikuwa na joto na giza zuri, na kelele ya mvua ilikuwa imebaki mbali, kama vile inanyesha kwa majirani tu. Mandazi yalikuwa yanageuka kwenye mafuta. Shingo ya mke wangu ilikuwa kavu. Muzee alipitisha kiganja chake juu ya safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, akitafuta tone, akizunguka jiko lote, akapanda juu ya kigoda akatafuta zaidi. Alishuka akakitazama kiganja chake, akanionyesha. Vumbi tu.

"Nimejenga maisha yangu yote," alisema, "na binti yangu anapikia chini ya paa ya mutu wa redio."

"Tulijenga wawili, muzee."

"Ile ni kweli. Ulibeba mawe vizuri."

Kwenye mlango wa kiwanja wateja walikuwa wameanza kugonga, wamejifunika mifuko kichwani, wakiuliza kama leo mandazi yapo. Mke wangu aliipua ya kwanza, akaijaza sahani, akaniwekea mkononi.

"Yako hapa," aliwajibu wote wanaogonga, akanigeukia. "Pelekea batu. Weye mwenyewe. Toka nje wakuone."

Nikatoka.